Mkorosho Uliohamia Nanganga

Jembe la Hajra liligonga chuma. Alikuwa anapalilia chini ya mkorosho mkubwa wa nyuma ya nyumba yake pale Nandagala, mvua za masika zikielekea ukingoni na ufuta wa watu umeshaanza kutoa maua, na kwanza alidhani ni rimu ya baiskeli ya marehemu mumewe. Alipopangua udongo kwa mikono akakuta si rimu. Ni mnyororo. Pete zake zilikuwa nene kama paja la mtu mzima, nao ulikuwa umezungushwa kwenye shina la mkorosho na kukazwa vizuri, halafu ukazama ardhini kuelekea mashariki, kama mtu aliyefunga mbuzi wake akaenda zake sokoni. Ulikuwa umelowa. Hajra aligusa, akaonja kidole. Chumvi.

Alimaliza kwanza kupalilia upande ule, maana jua lilikuwa bado halijawa kali, kisha akanawa akaenda kumwita mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti Yasini alikuja na Adinani. Huyu Adinani alikuwa mpwa wa marehemu mzee Abdala, mume wa Hajra, na alikuwa na haki ya kuitwa, kwa sababu mti ulikuwa wake. Mzee Abdala alioa kwao Hajra, akapanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke, kama walivyofanya wanaume wengi wa huku. Alipofariki, ardhi ikabaki ya Hajra na nduguze, miti mikubwa ikaenda kwa mtoto wa dada yake. Shehe aliwaeleza mirathi ya dini inavyosema. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa chai, wakagawa kimila.

Mwenyekiti aliuzunguka mti mara mbili, mikono nyuma.

"Mama Anuari, kama hili ni kago la kukulindia shamba, aliyekuwekea anakuheshimu sana."

"Kago gani la kubebwa na lori, mwenyekiti?" Adinani alisema. "Mimi ninachouliza, korosho zangu zitazaa au hazitazaa?"

"Zitazaa. Mbuzi anafungwa na anazaa."

Mbuzi wenyewe walikuwa wameshafika, wa jirani na wa mbali, wanaulamba mnyororo kwa zamu bila kugombana.

Jioni ile, kabla ya Magharibi, Hajra alipanda kwenye kichuguu cha njiani ambako mtandao hupatikana, akampigia mwanawe. Anuari alikuwa mfanyakazi kwenye mtambo wa kuchimbia gesi unaoelea baharini, mbali sana na pwani, mahali ambapo alisema ukisimama huoni nchi upande wowote. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho.

"Una rangi gani, mama?"

"Njano. Penginepo kutu."

"Basi ni wetu. Ni wa upande wa bara. Tulikuwa hatujui nanga yake imeshika wapi. Wazamiaji wametafuta wee, wakaacha."

"Umeshika kwa baba yako."

"Afadhali," Anuari alisema. "Mti ule hauna utani."

Baada ya siku chache ikajulikana kwamba mwenzake Anuari, kijana mmoja aitwaye Modest, naye mama yake aliuona mnyororo kwao Chiola, upande wa Nachingwea, umezungushwa kwenye mkwaju ulio ubavuni mwa kigango, na mafundi waliojenga ngazi za kigango waliumwagia saruji bila kuuliza. Mama huyo aliitwa Dorotea. Hajra na Dorotea hawakuwahi kuonana, lakini sasa walianza kupigiana simu, mmoja akiuliza, "Wako unasemaje leo?" na mwingine akijibu, "Umelala tu," au, "Umeamka na kelele."

Maana mnyororo ulikuwa na tabia zake. Bahari ikitulia ulilegea, ukatiririsha maji taratibu, na kaa wadogo wa baharini wakatoka kwenye pete na kutembea kwenye majani makavu. Bahari ikichafuka ulikaza mpaka mkorosho ukaguna. Hajra alizoea. Alipokuwa akisali alijua kwa sauti ile tu kama mwanawe yuko kwenye mawimbi au hayupo, akaongeza rakaa au hakuongeza.

Alizoea pia kuukagua, kama mtu anavyokagua paa kabla ya mvua. Na katika kukagua akaona pete moja, karibu na pale mnyororo unapoingia ardhini, imeliwa kiunoni, imekonda kama kisu kilichonolewa miaka mingi. Juu yake palikuwa na rangi nyingi kuliko kwenye pete nyingine zote.

Kampuni ilimtuma injinia. Alikuja na gari la wazi nyuma, na vijana wawili wenye makopo. Jina lake Fortunatus, mtu wa mikoa ya juu, mpole, shati limechomekwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni. Kuna mihogo ya kuchemsha."

Walikula kwanza. Kisha Fortunatus akainama mbele ya ile pete, akapitisha kidole gumba kiunoni mwake.

"Imekonda," alisema.

"Nimeiona."

"Niliomba mnyororo mpya, mama. Tangu mwaka jana."

"Wakasemaje?"

Fortunatus alitazama makopo. "Wakaleta rangi."

Vijana walipaka. Njano yake ilikuwa nzuri, ya kung'aa, na pete iliyokonda walipaka mara tatu, kwa huruma. Injinia akakaa kwenye mkeka akamweleza Hajra mambo yalivyo, na Hajra akasikiliza kwa makini, lakini kila alipodhani ameshika jambo, jambo likamponyoka. Mtambo, alisema, umefungwa minyororo pande zote ili usitoke juu ya kisima. Upepo ukija, minyororo ya upande unakotoka upepo inabeba mzigo wote. Ya upande wa pili inalegezwa. Kimbunga kina ubaya wake, kinageuka. Asubuhi upepo unatoka huku, mchana unatoka kule, na aliyekuwa amepumzika anajikuta yeye ndiye mbebaji.

"Na mmoja ukikatika?"

"Mzigo wake unahamia kwa jirani yake."

"Kama msiba," Hajra alisema.

"Hapana, mama, si kama..." Fortunatus aliwaza kidogo. "Ndiyo. Kama msiba."

"Na nani anayeulegeza?"

"Kule mtamboni kuna winchi, kila mnyororo na yake. Ya huu wako imekufa. Nimeomba kipuri."

"Wakaleta rangi?"

"Bado hawajajibu."

Hajra alimmiminia chai nyingine. Aliwaza, kisha akauliza jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko yote. "Na huu mti ukisogea? Pete isivutwe sana, mti usogee kidogo, usishupae?"

"Nanga ikiburuzwa, kuna wakati mnyororo unapona," Fortunatus alisema. "Na kuna wakati inaburuza balaa. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mama, na mimi hapo sielewi vizuri." Alishukuru kwa mihogo, akapanda gari, akaenda Chiola kupaka rangi mnyororo wa pili, ambao alisema pete yake mbovu ilikuwa mbaya zaidi.

Mwezi haukuisha, redio ikatangaza kimbunga. Watangazaji walisema kinakuja na upepo mkali, wavuvi wasitoke, wakazi wa mabondeni wahame. Kuhusu watu waliofungwa baharini kwa minyororo hawakusema. Hajra akapanda kichuguu.

"Tokeni huko, mwanangu."

"Wataalamu wameshachukuliwa na helikopta, mama. Tumebaki sisi wa kuangalia vyombo. Kisima kimebaki kidogo kufika kwenye gesi, hawataki kukifunga."

"Kwani nyie si watu?"

"Sisi ni zamu."

"Omba ruhusa. Sema mama yako anaumwa. Mimi ninaumwa kweli."

"Nimeomba. Wameniuliza, nani atakayeangalia winchi?"

"Si mlisema imekufa?"

"Ndiyo hiyo ninayoiangalia."

Hajra alishuka kwenye kichuguu akiwa hajui amkasirikie nani. Mwanawe alikuwa kwenye sauti, kampuni ilikuwa kwenye makopo ya rangi, na pete ilikuwa pale pale nyuma ya nyumba yake, inang'aa. Mti ukishupaa, pete itakatika. Hilo aliliona kwa macho. Mti ukisogea, huenda isikatike. Akachukua jembe.

Adinani alifika kabla hajapiga majembe kumi. Mtu alikuwa amemtonya.

"Mkaza mjomba, unafanya nini na mti wangu?"

"Mti wako sijaugusa. Nalima udongo wangu."

Ardhi ilikuwa ya Hajra, hilo halikuwa na mjadala. Ndivyo walivyogawana mbele ya wazee, na Adinani mwenyewe ndiye aliyepeleka wazee. Akaketi juu ya mzizi mmoja mnene, miguu kaitanua, kulinda mali yake.

"Ukikwaruza mzizi tutaitana barazani."

"Kaa hapo hapo unionyeshe mzizi ulipo, mimi macho yamefifia."

Basi ikawa hivyo. Hajra alilima kuuzunguka mti, akichota udongo kwa ungo na kuumwaga pembeni, na majirani wanawake walipoona wakaja na majembe yao, kwa kuwa mtu aliyekwenda kuwalimia wengine hawezi kuachwa akalima peke yake. Adinani alitembea nao akinyoosha kidole. "Hapo! Hapo kuna wangu mdogo!"

"Tumeuona, baba, tumeupa shikamoo," akajibu mama mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakaegemea mipini. Walipomaliza, mkorosho ulikuwa umesimama kwenye shimo pana la udongo uliolegea, mizizi yote mizima, kama jino la mtoto linalosubiri kutoka.

Siku ya kimbunga, Nandagala kulikuwa na jua. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Asubuhi mnyororo ulilegea kabisa, ukalala kwenye majani, na Hajra akaelewa kwamba upepo unatoka baharini na kwamba wanaobeba ni wengine, wa upande ule, ambao hakuwajua hata kwa majina. Aliwaombea. Alisali Adhuhuri. Alipotoa salamu kwenye bega la kushoto, akausikia unakaza.

Mkorosho uliguna, ukainama, ukatoka kwenye shimo. Ukaanza kwenda mashariki, mizizi chini, matawi juu, kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani, ukisukuma tuta la udongo mbele yake. Ulipita ukingo wa shamba, ukaingia kwenye mbaazi za jirani. Adinani aliuwahi, akashika tawi moja, akatembea nao.

"Hodi, jamani," alisema kila walipoingia shamba la mtu. "Mti ni wangu. Ardhi ni yenu. Tunapita tu."

"Piteni," watu walijibu. Wengine walisogeza mbuzi. Wenye bodaboda kwenye kona walisimamisha pikipiki kwa adabu, kama wanavyosimama jeneza likipita, na mmoja wao akamwambia Adinani apande nyuma yake waufuate, atachoka.

Hajra hakufuata. Alibaki amekaa kando ya shimo, tasbihi mkononi, akitazama mnyororo usiokuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu uje hakuwa na kitu kinachomweleza hali ya mwanawe. Hilo hakuwa amelifikiria alipokuwa analima. Alipanda kichuguu ampigie Dorotea, amuulize wa kwao unasemaje. Simu ililia tu bila kupokelewa.

Karibu na Magharibi, akiwa bado kichuguuni, Adinani ndiye aliyepiga.

"Mkaza mjomba, tumefika Nanganga. Umesimama kwenye shamba la mihogo la mtu, karibu na barabara kubwa. Mwenyewe anasema kila kilichosimama kwenye ardhi yake ni chake."

"Na pete?"

"Imevutika, imekuwa ndefu kama ndizi. Haijakatika. Sasa huyu bwana..."

"Alhamdulillahi," Hajra alisema, akakata, akampigia mwanawe.

Anuari alipokea baada ya kupiga mara nyingi. Sauti ilikuwa inatoka mbali, na nyuma yake palikuwa na ukimya mkubwa.

"Mzima, mama."

"Mzima kweli?"

"Mzima. Wetu uliachia, ukawa unakuja kidogo kidogo, pwii, pwii, hatukuelewa. Mtambo ukalala upande. Basi mzigo wote ukaenda kwa ule wa akina Modest, ukabeba, ukabeba, ukakatika pale palipopakwa rangi. Ulirudi na nguvu, mama. Modest alikuwa amesimama kwenye winchi yao. Yao ilikuwa nzima, walimwambia asiondoke."

Mtoto alipoaga, Hajra alishuka kwenye kichuguu, akaenda kupima mchele.

Alikwenda Chiola kwenye msiba wa Modest, akapanda gari mpaka Nachingwea na kutoka hapo bodaboda, na mchele kidogo kwenye mfuko kwa ajili ya wafiwa. Njia nzima alijaribu kupanga mambo kwa mstari. Asingelima, pete yake ingekatika, mwanawe angekuwa kwenye ile winchi mbovu. Au isingekatika, huenda ingebeba nusu na ya Chiola ikabeba nusu, na watoto wote wawili wangekula chakula cha jioni. Au zingekatika zote. Alimuuliza Mungu, na Mungu hakumharakisha. Alifika bado hajui kama anakwenda kutoa pole au kuomba radhi, na maneno ya haya mawili hayafanani.

Dorotea alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, mwanamke mfupi mwenye kanga ya kifua, macho makavu. Walitambuana kwa sauti.

"Mama Anuari."

"Mama Modest. Pole, mwenzangu. Pole sana."

"Nimepoa. Kaa."

Hajra akakaa. Wanawake wa kigango waliimba wimbo mmoja, wakanyamaza. Nje, kando ya mkwaju, kipande cha mnyororo kilichobaki kilianza kujivuta chenyewe taratibu kurudi ardhini, kama nyoka anayeingia shimoni, na waombolezaji waliokuwa wamekaa njiani mwake wakainua miguu kikapita.

"Nasikia wako ulihama," Dorotea alisema.

"Ulihama. Mpaka Nanganga."

"Nasikia ulichimba."

"Nilichimba."

"Mimi nilitaka kuchimba. Padri alisema ngazi za kigango haziwezi kubomolewa bila kamati. Kamati ingekaa Jumapili." Dorotea akanyoosha mkono, akatoa kijiti kilichokuwa kimenasa kwenye baibui la Hajra, akakitupa. Hajra hakujua maana yake. Huenda kilikuwa kijiti tu.

Mchana, baada ya mazishi, gari la kampuni lilifika na mnyororo mwingine. Fortunatus alishuka wa kwanza, akatoa pole kwa kila mtu, kwa mikono miwili, macho chini. Vijana wake waliomba wafiwa wasogee kidogo, na wafiwa wakasogea. Waliuzungusha kwenye mkwaju, wakaukaza. Dorotea alisimama mlangoni.

"Huo ni mpya?"

Kijana mmoja alijipangusa mikono kwenye suruali, ikabaki na alama za njano. "Rangi ndiyo mpya, mama."

Dorotea aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mkeka, wakakaa tena bega kwa bega. Hajra alikuwa bado anatafuta neno lake pale simu yake ilipolia. Chiola mtandao ulikuwa mzuri.

"Mama, uko wapi? Sikia. Wamenipandisha. Wamenipa nafasi ya Modest, winchi ile, na sisi tulioshushwa pwani tumepata chombo cha kuturudisha kazini kesho asubuhi. Mshahara umeongezeka kidogo. Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sema basi alhamdulillahi."

Bega la Dorotea lilikuwa limegusana na lake, lina joto, na lilikuwa halijasogea.

"Ni mtoto?" Dorotea aliuliza. "Anasemaje?"

"Anakusalimu," Hajra alisema.